Punda wa Dobi na Koti la Sungura: Tashihisi katika Ngano za Pwani na katika Picha za Vitabu vya Watoto

Mnyama anayesema si jambo geni kwa msikilizaji wa ngano popote katika pwani ya Afrika Mashariki. Lililo geni ni mnyama aliyevaa. Sungura wa masimulizi hutoka kichakani, huamkia, huposa, hukopa, hushitaki na kushitakiwa, wala msimulizi haoni haja ya kutaja suruali yake. Ama sungura wa kitabu cha watoto, aghalabu huwa amekwisha kuvishwa kabla hajatamka neno: koti, vifungo, pengine kofia na fimbo ya kutembelea. Tofauti hii kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni ya fani tu, kana kwamba mchoraji hufanya kwa rangi lile lile alifanyalo msimulizi kwa ulimi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sivyo. Ziko hapa njia mbili za kumfanya mnyama awe mtu, na kila moja ina fikira yake mbalimbali juu ya utu wenyewe. Mfano utakaotumika ni Kisa cha Punda wa Dobi, na msomaji atakayewekwa mbele ni mtoto wa Mkwiro, kijiji cha wavuvi kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, mkabala wa Shimoni, katika Kwale.

Kisa chenyewe

Kisa hiki kimo katika mkusanyo wa Edward Steere, Swahili Tales, uliochapishwa London mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya watu wa Unguja. Kima na papa ni marafiki. Kima hukaa juu ya mkuyu ulioota ufukoni, ambao matawi yake mengine yameinamia bahari, na kila siku humtupia papa chakula. Hatimaye papa husema kwamba fadhila zimekuwa nyingi, naye angependa kumchukua rafiki yake kwao akamlipe. Kima hupanda mgongoni. Wafikapo katikati ya safari, papa hufichua kuwa sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hujibu kuwa ni hasara hakuambiwa mapema, maana kima huiacha mioyo yao mitini. Afadhali warudi wakauchukue. Baada ya kurudi mtini hateremki tena, na papa anapomwita, humuuliza kama anamdhania kuwa ni punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio.

Hapo huingia kisa cha pili, nacho ndicho kilichoupa wa kwanza jina lake. Punda wa dobi amemkimbia bwana wake, amekaa mwituni, amenenepa. Simba ni mgonjwa na anahitaji nyama. Sungura hutumwa, naye humwendea punda kwa maneno ya posa: simba anataka kumwoa. Punda hufurahi, huenda, hushambuliwa, hupiga mateke, huponea chupuchupu. Kisha hushawishiwa mara ya pili, huenda tena, na safari hii haponi. Sungura huila mioyo na masikio ambayo simba alitaka awekewe, na anapoulizwa hujibu kwamba mnyama yule hakuwa navyo, kwani angalikuwa navyo, asingalirudi mahali alipokwisha kuyaona mauti.

Asili ya visa hivi ni ya mbali. Vyote viwili vimo katika kitabu cha nne cha Panchatantra ya Bara Hindi, ambamo mwenzake kima ni mamba. Vilipita katika Kalila wa Dimna, iliyotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa' katika karne ya 8, na humo mwenzake ni kasa. Waswahili walipokipokea kisa walimpa nafasi hiyo papa, na kazi ya mbweha wakampa sungura. Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika safari hiyo ndefu wanyama walibadilishwa mara kadhaa, lakini hawakuvishwa. Na katika kitabu kile kile cha nne cha Panchatantra yumo punda mwingine wa dobi, ambaye bwana wake humfunika ngozi ya chui-milia ili apate kula katika mashamba ya watu bila kufukuzwa. Huyo alivikwa kwelikweli. Siku alipolia, sauti yake ilimfichua, akauawa. Kwa hiyo mapokeo haya yalilijua vazi tangu zamani, yakaliweka upande wa udanganyifu, na ukweli yakauweka katika sauti.

Utu wa mnyama katika lugha

Kama si kwa vazi, mnyama wa ngano hufanywa mtu kwa nini? Zinaweza kutofautishwa daraja tatu.

Daraja ya kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Kiswahili humtoa mnyama katika ngeli ya umbo lake na kumpa viambishi vya viumbe hai. Neno punda kwa umbo ni la ngeli moja na nyumba na meza. Lakini nyumba imeanguka, na punda ameanguka. Kama E. O. Ashton alivyoeleza katika sarufi yake ya mwaka 1944, uhai hushinda umbo. Mtoto anayejifunza kusema hupata mapema somo hili, kwamba mnyama hutendewa na sarufi kama mtu. Daraja hii, hata hivyo, humhusu mbuzi wa bandani sawasawa na sungura wa ngano. Haitoshi peke yake kufanya tashihisi.

Daraja ya pili ni namna ya kuitana. Katika Kiswahili sanifu mwenye mnyama husema punda wangu, mbuzi wangu. Bali majina ya jamaa na wenzi hufuata njia nyingine: ndugu yangu, rafiki yangu. Kiambishi hiki kidogo hutenga kiumbe anayemilikiwa na kiumbe tunayehusiana naye. Papa anapomwita kima rafiki, humhamisha kutoka upande wa wangu hadi upande wa yangu, na hapo ndipo kima anapokuwa mtu. Wala si kima peke yake: anayeita rafiki hujitia naye katika sheria za urafiki, na usaliti wake wa baadaye huwa ni usaliti wa mtu, si ulafi wa samaki.

Daraja ya tatu ni mila. Papa hamvuti kima kwa chambo. Humvuta kwa mwaliko, yaani kwa wajibu wa kulipa fadhila, na kima hupanda mgongoni kwa sababu kukataa mwaliko wa namna hiyo si adabu. Sungura naye hamburuti punda, humletea posa. Hapa lugha hufanya kazi ambayo picha haiwezi kuifanya. Kiambishi a- hakisemi kama punda ni wa kike au wa kiume, na msikilizaji hana habari hiyo mpaka neno la posa litamkwe. Kuoa na kuolewa ndiko kunakompa punda ujike wake, na pamoja nao matumaini, fahari na upofu wa anayeposwa na mkubwa. Mtu mzima anayesikiliza hucheka kwa uchungu, kwa kuwa amekwisha kuwaona walioitikia posa ya simba.

Katika haya yote hakuna nguo. Hata hivyo nguo zimo katika jina la kisa, nalo ni jambo ambalo wasomaji hulipita upesi. Dobi ni mtu anayefua mavazi ya wengine. Punda wake huyabeba asubuhi na jioni, wala hayavai kamwe. Katika wanyama wote wa ngano, huyu ndiye aliyekaa karibu zaidi na nguo za watu, na ndiye aliyepungukiwa zaidi na kile ambacho kisa chenyewe hukihesabu kuwa utu: moyo wa kukumbuka na masikio ya kusikia.

Utu wa mnyama katika vazi

Picha za Ulaya zilishika njia nyingine. Mwaka 1842 mchoraji wa Kifaransa J. J. Grandville alikuwa amekwisha kuwaweka wanyama katika makoti na magauni ya mabwana na mabibi wa mjini, ili kuwadhihaki mabwana na mabibi hao. Baadaye dhihaka ilipungua na vazi likabaki. Mwaka 1865 John Tenniel alimchora sungura mweupe wa Lewis Carroll akiwa na koti, kizibao, saa na mwavuli. Maelezo ya Carroll mwenyewe yana mafunzo makubwa kwa mada hii: Alice anapomsikia sungura akisema, haoni ajabu sana, anaposhtuka na kusimama ni pale sungura anapotoa saa katika mfuko wa kizibao. Katika ulimwengu ule, basi, mfuko una uzito kuliko kauli. Mpangilio huo ni kinyume kabisa cha ule wa Kisa cha Punda wa Dobi.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kuwahukumu wachoraji wote kwa hukumu moja. Katika kitabu cha Beatrix Potter cha mwaka 1902, Peter amevishwa na mama yake koti jipya la buluu lenye vifungo vya shaba. Anapoingia katika bustani ya McGregor, viatu hupotea, na vifungo vya koti hunasa wavuni. Huokoka kwa kuliacha koti na kukimbia kwa miguu minne kama sungura yeyote, na nguo zake hutundikwa shambani kuwa sanamu ya kutishia ndege. Vazi hapa lina kazi. Ni malezi ya mama, ni mtego, na mwisho ni kinyago kisicho na mtu ndani yake. Potter aliyajua maumbile ya sungura kwa kumchora akiwa hai, na picha zake humruhusu mnyama arudi katika unyama wake wakati uhai wake unapodai hivyo.

Yafaa kukumbushwa pia kwamba sungura huyo ana jamaa upande wa Afrika. Katika miaka ya 1890, kabla ya Peter, Potter alichora picha za hadithi za Uncle Remus, ambazo Joel Chandler Harris alianza kuzitoa katika kitabu mwaka 1880 kutokana na masimulizi ya Waamerika Weusi wa Kusini. Watu hao walikuwa wazao wa Waafrika waliovushwa Atlantiki utumwani, na ngano za mnyama mdogo mwenye hila zilivuka pamoja nao. Katika toleo la 1895 lenye picha za A. B. Frost, sungura wao amekwisha kuvishwa mavazi ya watu wa mashambani. Hivyo sungura aliyetoka Afrika akiwa na ulimi tu, hurudi shuleni Afrika akiwa na koti, na mtoto hufundishwa kumwona kuwa mgeni.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Katika kitabu cha Jean de Brunhoff cha mwaka 1931, ndovu mdogo Babar huuliwa mama yake na mwindaji, hukimbilia mjini, huwaona mabwana waliovaa vizuri, hutamani kuvaa kama wao, na bibi mzee humpa fedha za kununulia suti ya kijani. Anaporudi mwituni, mfalme wa ndovu amekwisha kufa kwa kula uyoga wenye sumu, na Cornelius mzee hushauri kwamba Babar atawazwe kwa kuwa amekaa na wanadamu na amejifunza mengi. Picha ni nzuri, na upole wake hauna shaka. Lakini msomaji wa nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kigeni hadi 1963 hawezi kuipita hoja iliyomo: mwenye suti hutawala walio uchi, na mwindaji, ambaye naye ni wa jamii ya wenye suti, husahauliwa.

Papa wa Mkwiro

Sasa kisa na kirudishwe ufukoni. Mtoto wa Mkwiro humjua papa kabla hajakutana naye kitabuni. Humjua kwa jarife linalomnasa, kwa nyama yake iliyotiwa chumvi na kukaushwa, na kwa sifa, yaani mafuta yake yapakwayo vyombo. Kuvuka kwenda Shimoni ni safari ya chombo, na mtoto huyo anajua, bila kufafanuliwa, maana ya kuwa katikati ya maji juu ya mgongo wa mwingine. Kima anapoambiwa habari ya sultani mgonjwa, msikilizaji wa kisiwani huelewa mara moja kwamba hakuna pa kurukia. Silaha iliyobaki ni neno.

Mchoraji apewe kisa hiki ataka kufanya nini? Kima atavishwa bila taabu. Ana mabega na kiuno. Papa hana. Koti halimkai, kofia humwangukia majini, mikono ya kushikia fimbo hakuna. Akichorwa samaki mtupu mbele ya kima mwenye kizibao, urafiki wao huvunjika hata kabla ya usaliti, kwa kuwa mmoja amefanywa mtu na mwingine ameachwa chakula. Akivishwa kwa nguvu, huwa kichekesho, na hatari ya kisa hupotea. Papa, kwa hiyo, ni kipimo kizuri cha nadharia. Huonyesha kuwa tashihisi ya vazi huwafaa baadhi ya wanyama tu, wale ambao miili yao inakaribia wetu, hali tashihisi ya kauli humfaa kila kiumbe anayeweza kuitwa rafiki.

Kuna na jambo la lugha. Watu wa Mkwiro ni wasemaji wa Chifundi, na upande wa pili wa kisiwa, katika kijiji cha Wasini, husemwa Chivumba. H. E. Lambert alizitolea lahaja hizi maelezo katika miaka ya 1957 na 1958, na mwaka 1992 Derek Nurse na Martin Walsh waliandika kwamba zimehama kwa sehemu, lakini hazijafa. Mnyama wa ngano, popote asimuliwapo, husema lahaja ya nyumba ile. Mnyama wa kitabu cha shule husema Kiswahili sanifu, nalo ni jambo lenye sababu zake njema. Lakini anapokuwa amebadilishiwa lugha na vazi kwa pamoja, mtoto huweza kupata somo ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia: kwamba ili kiumbe cha nyumbani kipate kuhesabiwa mtu katika kitabu, sharti kwanza kiache kufanana na nyumbani.

Kanzu badala ya koti?

Jawabu lijalo upesi ni kubadilisha mavazi: sungura apewe kikoi, simba kanzu na joho, kima wa kike avae leso. Jawabu hili lina nia njema, lakini haliliondoi tatizo. Vazi la pwani, kama vazi lolote, hutaja tabaka, jinsia, dini na mara nyingi kabila. Simba mla punda akivishwa joho, kisa huwa shutuma juu ya watu wa joho. Fisi akivishwa matambara, ulafi huwa ni tabia ya maskini. Msimulizi halazimiki kumfunga mnyama wake namna hiyo. Simba wake leo ni chifu, kesho ni tajiri, kesho kutwa ni mume, kufuatana na nani amekaa barazani na nani anahitaji kuonywa. Uwazi huo ndio uliowawezesha wanyonge kusema juu ya wakubwa mbele ya wakubwa wenyewe. Kukivisha kisa ni kukitaja jina, na kisa kilichotajwa jina hakimsemi mwingine tena.

Wala haifai kudhani kuwa mchoraji hana njia ila vazi. Katika hati ya Kalila wa Dimna ya karne ya 13 iliyohifadhiwa Paris katika maktaba ya taifa, wanyama wamechorwa katika miili yao wenyewe. Mazungumzo yao hufahamika kwa jinsi wanavyotazamana na kuelekezana vichwa. Karibu na kwetu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, aliwachora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya mbao laini, bila nguo, wenye macho yanayomkabili mtazamaji kana kwamba wana la kumwambia. Mifano hii miwili, iliyotengana kwa karne saba, yatosha kuonyesha kuwa mkao na jicho vinaweza kuchukua sehemu ya kazi ya ulimi.

Ni kweli kwamba ukurasa uliochapwa hauna sauti. Bibi anaposimulia, papa hupata sauti nzito, kima hupata sauti nyembamba, na kimya cha katikati ya bahari hupimwa kwa pumzi. Mtoto anayesoma peke yake hana hayo, na picha ina haki ya kumsaidia. Swali ni imsaidie kuona nini. Kama ni kuona kwamba kima ni mtu, msaada huo hauhitajiki. Kitenzi cha kwanza kimekwisha kumwambia. Anachohitaji ni kuona umbali: mkuyu uliobaki nyuma, ufuko uliokwisha kuwa mstari mwembamba, kima aliyekaa juu ya mgongo wenye utelezi, na jicho la papa ambalo halitazami nyuma. Picha ya namna hiyo haiongezi utu wa kima. Huonyesha jinsi utu huo ulivyo hatarini.

Hitimisho

Tashihisi katika ngano za pwani ni tendo la uhusiano. Mnyama huwa mtu kwa kuitwa, kualikwa, kuposwa na kusalitiwa, na sarufi yenyewe humwandalia njia. Tashihisi ya picha nyingi za zamani za watoto ni tendo la kuvisha, na ubora wake hutegemea kama vazi lina kazi, kama kwa Potter, au ni pambo na cheo tu. Wahariri na wachoraji wanaowatengenezea vitabu watoto wa pwani hawana budi kuamua ni ipi kati ya hizi wanayoifuata, badala ya kuirithi moja bila kuijua.

Kisa chenyewe kimekwisha kutoa hukumu yake. Sungura alipoulizwa alichokula, hakutaja ngozi wala mapambo. Alisema punda yule hakuwa na moyo wala masikio. Kitabu kinachomvisha mnyama koti na kumnyima vitu hivyo viwili kimemrudisha kwa dobi, abebe tena nguo za watu wengine.